Shangazi Chiku Hana Shida Yoyote

Joubert Park, Johannesburg
Jumapili, 19 Januari 2025

Kwa dada yangu Nusaiba, mwenye mdomo mdogo na macho makali,

Assalaam alaykum. Kabla hujakunja uso, salamu zako hizi hapa, nimezipanga kwa ukubwa. Ya kwanza ya Mama, mbusu mkono kwa niaba yangu. Ya pili yako. Ya tatu ya mtaa mzima wa Makorora, isipokuwa yule aliyesema sitafika Joburg, nitaishia Tunduma. Mwambie nimefika na nimenenepa. Siye huku wazima. Kila jioni mvua na radi, mbingu inagomba kama mke mwenza, halafu dakika kumi baadaye jua hilo, kama hakuna aliyesema kitu.

Usiulize kwa nini karatasi na si simu. Chumba chetu ni kimoja, katikati pazia. Shangazi kapooza mkono na mguu, lakini masikio, wallahi, yameongezeka nguvu. Nikikupigia ananisahihisha kabla sijamaliza kusema. Na huko Mama yuko pembeni yako. Kwa hiyo barua zetu atazibeba Abdulrahman, yule anayenunua mablanketi huku na kuyauza huko. Akifika mpe chai.

Sasa sikia, maana habari hii inanitekenya tumboni. Tumefaulu!

Unajua tangu kiharusi kimpige Agosti, upande wa kulia wa Shangazi umelala. Nguo zake nafua mimi. Uji napika mimi, mzuri kuliko wako. Kliniki nambeba mgongoni ghorofa tano, maana lifti ya jengo hili ilikufa kabla sijaja na hakuna aliyeizika. Lakini mimi mtoto wa kaka yake, kuna mlango mmoja siwezi kuufungua, unanielewa. Kumwogesha na mambo ya chooni anafanya Clémentine, jirani yetu Mkongo, msusi wa Yeoville, kila asubuhi kabla ya kwenda saluni. Mwanamke wa dhahabu. Tatizo dhahabu imeshika mimba. Mwezi uliopita kaniambia, "Twalib, docteur anakataza nisibebe vitu vizito. Na ule mama, vraiment, kweli ni mzito. Mwezi wa sita nitazaa. Mutafute mutu."

Mtu tutampata wapi? Ndipo nikasikia, kwa akili zangu hizi hizi za kidato cha pili, kwamba kuna kituo Doornfontein kinachopewa fedha na serikali. Mtu asiyejiweza, mwenye kitambulisho cha ukaazi wa kudumu kama Shangazi, wanamletea mwanamke nyumbani wa kumwogesha na kumvisha, asubuhi na jioni, kila siku. Mshahara wake juu ya serikali. Nikadhani ni uongo wa mjini. Nikaenda kwa miguu. Kweli! Ila kwanza wanamtuma mkaguzi aje kumwona mgonjwa.

Basi mkaguzi kaja Ijumaa. Dada we, ungeliona chumba! Nilipiga deki mpaka kwenye ngazi. Clémentine kamwogesha Shangazi mara mbili, kamvika dera la zambarau, wanja, mkufu. Nikamketisha kwenye kochi, si kitandani. Mguu mbovu nikauficha kwa kanga. Ule mkono uliokufa nikauweka juu ya mto, nikautundikia tasbihi vidoleni, utadhani anadhikiri. Udi nikafukiza hadi jirani wa juu akauliza nani anaolewa.

Mkaguzi anaitwa Masika, Mkongo wa Butembo, wamemchagua kwa sababu ya Kiswahili. Akakaa, akatoa kalamu.

"Habari, mama?"

"Njema kabisa, mwanangu. Za utokako?"

"Unasikia maumivu?"

"Alhamdulillahi."

"Asubuhi nani anakuamusha?"

"Mwenye kuniamsha ni Mungu."

"Unatembea?"

"Yeoville yote hakuna kichochoro nisichokijua."

"Kuko shida yoyote, mama?"

"Shida? Shida yangu ni weye kutaka kuondoka bila kula. Twalib! Sambusa!"

Masika kala nne. Kaangalia chumba, kaangalia tasbihi, kaandika. Hakuna hata swali moja lililomkwaza Shangazi. Mimi niliyefelishwa na hesabu, leo nimemfaulisha mtu mzima na kiharusi chake!

Kwa tahadhari tu. Wakikataa, na hawatakataa, kuna nyumba ya wazee ng'ambo ya mji wanayoitajataja. Shangazi kasema atahamia huko siku kuku wakiota meno. Kurudi Tanga nako hataki. Kazikiwa mume hapa, kawashonea nguo nusu ya maharusi wa Yeoville, anasema, "Nilikuja kwa miguu yangu, sirudi kwa mgongo wa mtu." Lakini niambie tu, chumba cha uani kiko wazi? Mama anasemaje?

Kazi yangu ya karakana ya samani inakwenda. Mimi sasa kama msimamizi hivi.

Mdogo wako, anayesalimiwa na robot, taa za barabarani, zikiwa nyekundu,
Twalib


Makorora, Tanga
16 Februari 2025

Kwako jogoo wa ghorofa ya tano,

Waalaykum salaam. Salamu zako nimezigawa, na yule wa Tunduma nimempa na yeye, kwa kuwa alinisaidia kubeba gunia la mkaa na weye hukuwepo. Siye wazima. Mama mzima, anakuombea dua. Joto limetushika kooni, usiku hatulali, mchana hatuamki. Mtoto wa Bi Mwantumu kaolewa na dereva wa malori, harusi ya pilau mbili. Paka wako kazaa tena, hana haya.

Nimefurahi kwa habari ya mkaguzi. Umefanya jambo la mtoto wa watu. Mgeni haonyeshwi ndani ya chungu. Shangazi ni mwanamke wa heshima zake, na heshima yake ni yetu sote. Ile ya tasbihi imenichekesha mpaka

Naitwa. Ngoja.

Nimerudi. Nilikuwa wapi? Tasbihi. Nimecheka peke yangu jikoni kama kichaa. Ila miye najiuliza, Twalib, na miye sijui mambo ya huko kwenu, huyo mkaguzi alikuja kutafuta nini hasa? Usije ukawa umempikia mtu aliyekuja kutafuta njaa.

Naitwa tena.

Haya. Uji wako mzuri kuliko wangu? Tia chumvi kwenye maneno yako. Abdulrahman hapa kanywa vikombe vitatu na anatazama tazama nyumba kama dalali. Anasubiri barua, basi naifunga. Ukiona mwandiko unapinda ni kwa sababu naandikia gotini.

Ramadhani inaingia, funga vizuri, usisingizie safari.

Dada'ako,
Nusaiba


Joubert Park
Jumapili, 6 Aprili 2025

Kwa Nusaiba, nabii wa Makorora,

Idi njema ya kuchelewa, na salamu zako zimechelewa pamoja nayo kwa sababu Abdulrahman alikwama mpakani na mablanketi yake siku kadhaa. Siye wazima. Kwa Mama shikamoo ndefu. Baridi inaanza kuchungulia, asubuhi napumua moshi kama lori.

Nimekuita nabii, usivimbe kichwa. WAMEKATAA.

Nilifuata jibu mwenyewe Doornfontein, nimevaa shati la Idi, nimejipuliza manukato, nikijua nakwenda kupongezwa. Wakanisomea kwamba mama huyu ana msaada wa kutosha, ana furaha, anajimudu. Anajimudu! Nikamwambia yule wa dirishani, mtu unayemsema hawezi kufunga kifungo! Akaniuliza mbona mkaguzi hakuambiwa.

Nimerudi nyumbani, Clémentine kanicheka mpaka kashika tumbo lake kwa mikono miwili. "Mulimupamba kama bibi-harusi! Wewe na ule shangazi yako munafikiri serikali inakuja kuposa?"

Lakini usilie bado. Nimekata rufaa, mimi mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha kwenye spaza, viduka vya uchochoroni, na wakakubali Masika arudi. Kaja Alhamisi. Safari hii nikasema hakuna udi wala wanja, wala sambusa. Nikamkalisha Shangazi nikamweleza tangu asubuhi: "Shangazi, akikuuliza, useme kweli. Useme huwezi." Akaitikia, "Nimesikia, mimi si mtoto." Sawa, sharp, nikasema, leo tumeshinda.

Masika kaingia. "Habari, mama?"

"Njema kabisa, mwanangu."

Eish! Nikamkonyeza. Hakunitazama. Akaulizwa hili, njema. Akaulizwa lile, Mungu mkubwa. Halafu ghafla akataka kummiminia mgeni kahawa kwa mkono wake ule mzima, na mkono mzima umechoka kwa kufanya kazi ya miwili, birika likatetemeka, nikalidaka juu juu kama golikipa. Shangazi akacheka, "Joto la birika tu."

Masika akafunga kalamu. Akanigeukia mimi. Akasema polepole, bila ubaya, "Twalib, mimi naandika chenye naona na chenye nasikia. Mama hasemi. Basi sema wewe. Nani anamupeleka chooni?"

Dada! Shangazi kaangalia dirishani. Ni yeye aliyenivisha sare ya kwanza ya shule, alikuja Tanga mwaka ule na mashine yake, unakumbuka. Sasa mimi niseme mbele ya mwanamke mgeni habari za chooni za Shangazi Chiku, na yeye yupo, anasikia? Ulimi ukaniganda. Mimi! Ninayewashinda kwa maneno makondakta wa stendi ya Noord! Nikasema, "Anakwenda mwenyewe."

Masika kanitazama kidogo, kaondoka. Hakula kitu, maana hatukupika. Hilo ndilo lililomuumiza Shangazi siku nzima, kwamba mgeni kaondoka na njaa.

Kwa hiyo hali ni hii. Clémentine anapanda ngazi kwa vituo, anapumzika kila ghorofa. Rufaa ina nafasi moja ya mwisho, Masika anaweza kuja tena siku yoyote hadi mwisho wa Juni, halafu wanafunga faili, na baada ya hapo ni ile nyumba ya wazee au Tanga. Nakuuliza tena, kwa sababu barua iliyopita umenijibu habari za paka na harusi na mkaa. Chumba cha uani kiko wazi? Mama anasemaje?

Mdogo wako, golikipa wa birika,
Twalib


Makorora, Tanga
11 Mei 2025

Kwa Twalib,

Salamu tele, na za Shangazi zaidi. Siye wazima. Mvua za masika zimechelewa kisha zikaja zote pamoja.

Nimecheka hadi machozi kwa habari ya mdomo wako kuganda. Niliutafutia dawa ya kuufunga miaka kumi na minane, kumbe dawa ilikuwa ni choo cha Shangazi. Lakini nisikufanyie mzaha tu. Hata miye nisingesema. Jirani akiniuliza hapa, nasema njema. Tumefundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kula.

Kuhusu msimamizi wa karakana. Abdulrahman kanywa chai, na chai ya nyumba hii inafungua watu. Anasema karakana ya samani hujaikanyaga tangu Septemba. Anasema kila anapokuja kwenu anakukuta umeinama juu ya beseni unafua mashuka. Msimamizi wa mashuka! Mbona hukusema? Ulifikiri nitakucheka? Ningekucheka, kweli. Kidogo. Halafu nisingekucheka.

Chumba cha uani kinavuja. Usimlete Shangazi.

Naandika kwa haraka, naitwa.

Nusaiba


Joubert Park
Jumapili, 22 Juni 2025

Kwa dada yangu Nusaiba, na safari hii usisome umesimama, keti,

Salamu zangu za leo zimevaa koti, kofia na soksi mbili mbili, maana baridi ya huku mwezi huu inauma hata kivuli. Clémentine kazaa! Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, ana sauti ya mnadi samaki. Mama yake Clémentine kapanda basi kutoka Lubumbashi kuja kumlea, na kwa kuwa kwao kumejaa, usiku analala kwetu, upande wa pazia wa Shangazi. Wanapiga soga hadi usingizi unanikimbia, Shangazi kwa Kiswahili cha Tanga, bibi yule kwa cha Lubumbashi, hakuna anayengoja mwenzake amalize, na wanaelewana kuliko mimi ninavyowaelewa.

Sasa habari yenyewe. Ishike kwa mikono miwili.

Uchungu ulimshika Clémentine Jumatatu tarehe mbili, wiki moja kabla ya matarajio. Akakimbizwa hospitali. Jumanne alfajiri Shangazi yuko kitandani, hana wa kumwogesha. Nikamsikia nyuma ya pazia anahangaika. Nikasema, "Shangazi, nimwite mama wa ghorofa ya pili?" Akasema, "Usimwite mtu." Nikapika uji. Kasema hataki. Nikajua kwa nini hataki, dada, na weye unajua, mtu akiwa amelala ndani ya unyevu hali chakula. Saa mbili ikapita. Nikawa nazunguka chumba kama nzi kwenye chupa. Nikamwambia ukuta, mimi mwanamume gani, ghorofa tano nambeba, hatua mbili za pazia hizi zinanishinda.

Mlango ukagongwa. Nafungua, Masika.

Bila taarifa! Mimi na kaptula, mabeseni katikati ya chumba, hakuna udi, na harufu, Mungu anisamehe, harufu ipo. Nikajibana mlangoni kama askari wa benki. "Dada Masika, subiri kidogo nje, hajavaa."

"Twalib!" sauti kutoka nyuma ya pazia. "Nani huyo?"

"Mgeni, Shangazi."

"Mgeni gani?"

"Dada Masika wa kituo."

Wallahi nilimsikia mtoto wa ghorofa ya tatu akilia, na basi likipiga honi chini. Nikajua sasa atasema, mwambie habari njema, karibu, shida sina. Nikajua tumekwisha.

Shangazi akasema, "Kaja mara ngapi huyu?"

"Hii ya tatu, Shangazi."

"Basi huyo mgeni wa nini? Mgeni ni siku mbili. Ya tatu anapewa jembe kama watu wa nyumbani." Akavuta pumzi. "Mwambie aingie huku ndani. Na weye toka."

Dada, nikatoka! Nilisimama kwenye korido na kaptula yangu, meno yanagongana, nikiwa nimekumbatia ndoo, na sijawahi kuwa na furaha kubwa kama ile. Nikamsikia Masika anauliza, na Shangazi anajibu. Si njema. Anajibu kweli. "Hapo huwa siwezi. Hapo pia. Mguu huu haunisikii. Usiku nangoja hadi asubuhi. Mtoto huyu anajitahidi, lakini ni mtoto wa kiume." Sauti yake ileile ya kumpimia mtu nguo, kiuno hapa, bega hapa, bila kulia. Halafu maji yakamwagika na wote wawili wakacheka. Sijui walichocheka, sikuuliza, sitauliza.

Mlango ukafunguliwa. Masika kakunja mikono ya sweta hadi juu ya kiwiko, kalowa. "Twalib, leta maji ingine ya moto. Usisimame hapo kama poto ya umeme." Poto kwao ni nguzo.

Nikaleta. Kabla hajaondoka Shangazi alikuwa kitini, kavaa, kala uji bakuli zima. Masika akasema mlangoni, "Leo nimeona." Kalamu hakuitoa hata kidogo.

Jibu limetoka Alhamisi hii. Limekubaliwa! Asubuhi na jioni, siku zote saba, Idi na Krismasi! Jana kaanza mwanamke anaitwa Murielle, ana mikono kama mpiga ngoma. Kamgeuza Shangazi kitandani kwa ustadi, kama anageuza chapati. Shangazi kamwuliza maswali yote ya nasaba, kaolewa, kazaa, mama yake kabila gani, halafu kaniambia mimi, "Huyu nimemkubali." Kama vile ni yeye serikali! Nimeruka, nimegonga kichwa kwenye fremu ya mlango, nina nundu nikuandikiapo. Shangazi anataka kesho ashushiwe mashine yake ya kushonea, mkono mmoja utasukuma kitambaa na Murielle atazungusha gurudumu jioni akimaliza kazi. Tutaona. Mimi naamini.

Sasa keti kweli.

Abdulrahman kaja juzi kuchukua barua. Nikamwuliza habari za Tanga, kasema wazima. Nikamtazama. Na mimi, dada, miezi kumi hii nimejifunza kuwatazama watu wanaosema wazima. Nikamwambia, "Abdulrahman, chumba cha uani kinavuja?" Kasema paa liko imara kama kaburi la sultani, na ndani mna kitanda kimoja, na kitanda hicho Mama hajakitoka kutembea mwenyewe tangu Novemba. Kasema macho yake yamekwisha. Kasema weye unamlisha na kumwongoza, na anakuita kila wakati kwa sababu gizani anaogopa. Kasema ulimwapisha asiniambie, na mimi nilimwapisha asikuambie ya karakana, na yeye kachoka kuwa kabati la watu wawili.

Sikukasirika. Ningekasirikaje? Mimi niliutundikia tasbihi mkono uliokufa.

Basi na mimi nakuuliza alivyoniuliza Masika, na usiniletee habari za paka. Nani anamuogesha Mama? Nani anampeleka chooni? Weye unalala saa ngapi? Mara ya mwisho umetoka nje ya lango la nyumba kwa ajili yako tu ni lini?

Nimeshazungumza na Shangazi, na kwa masikio yale alishasikia kabla sijasema. Kasema, "Mimi nina Murielle, nina bibi wa Lubumbashi, nina mtoto mchanga wa kunikosesha usingizi. Weye unakaa hapa kunifanyia nini? Kanisaidie mke wa kaka yangu." Napanda basi na Abdulrahman tarehe mosi Agosti. Kumwogesha Mama kutabaki kwako, hilo halibadiliki. Lakini kupika, kufua, kumlisha, kumsomea, kumwongoza hadi uani akaote jua, kuitika kila anapoita, mwachie msimamizi wa mashuka. Nina uzoefu. Nina nundu. Na Makorora nzima itakuja kuona mwanamume anavyokamua shuka kwa mtindo wa Joburg, mkono mmoja tu, hivi!

Twalib


Makorora, Tanga
20 Julai 2025

Twalib, mdogo wangu,

Siye si wazima.

Nimeliandika na nimelitazama muda mrefu. Sijawahi kuanza barua hivyo kwa mtu yeyote. Naona halikuua mtu.

Umeniuliza, nakujibu. Anayemuogesha ni miye. Anayempeleka chooni ni miye. Nalala pale anapolala, na halali sana. Langoni kwa ajili yangu tu sikumbuki. Harusi ya yule wa pilau mbili sikwenda, niliisikia kupitia ukuta. Nilikuficha kwa sababu ungerudi, na ungerudi Shangazi angebaki na nani? Nikajiambia miye ninaweza, yeye ana mmoja na miye nina mmoja, tumegawana sawa. Huku hakuna kituo cha kumwambia kitu, hakuna Masika wa kugonga. Ndiyo maana kila ulipouliza chumba nilikupa paka.

Nilimsomea Mama barua yako. Nilitaka kuruka sehemu yake, nikashindwa, akajua nimenyamaza. "Soma yote," kasema. Nikasoma yote. Kwenye mgeni wa siku ya tatu kacheka, Twalib, kicheko kile chake cha zamani cha puani, na ilikuwa sijakisikia tangu mwaka jana. Kisha kasema, "Chiku kaniwahi. Miye nilikuwa naona haya kukuambia kuwa umechoka." Fikiria. Kipofu, na kaona kabla yangu.

Anasema umletee sauti ya Shangazi kwenye simu, anataka waongee wao kwa wao bila ya siye. Nilidhani hawapatani. Kumbe kila mmoja alikuwa anangoja apone kwanza ndipo amsalimu mwenzake.

Njoo. Msimamizi wa mashuka ana kazi hapa, kamba zimejaa. Kwa majirani usiseme nimeugua kwa uchovu. Au sema. Sema upendavyo.

Siku utakayofika usinitafute kwa hadithi za Joburg. Nitakukabidhi Mama mkononi, nitakuonyesha dawa zake, nitakula chakula kikiwa bado cha moto, kisha nitaingia chumbani nilale. Mtu asinigongee. Hata weye.

Dada'ako,
Nusaiba